Understand, comprehend, realize, grasp, make out: naombeni msaada, nitumie lipi wakati gani?

Mwana_Kurasini (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Dar, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujibu simu na barua pepe za wateja ambao mizigo yao inapita bandarini kwetu kwenda Kongo na Zambia. Wa Lubumbashi wengi tunamalizana kwa Kiswahili. Wa Lusaka na Ndola ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Kinachonisumbua ni haya maneno ya kuelewa. Kwa Kiswahili mtu akinieleza jambo namjibu "nimekuelewa", tunasonga. Kwenye Kiingereza nakutana na "understand", "comprehend", "grasp", "realize", "get", "catch", "follow", "gather", "figure out", "make out". Kamusi ninayotumia inayaleta karibu yote kwenye elewa, fahamu na tambua, kwa hiyo nikiifungua natoka vilevile nilivyoingia.

Mfano ni wa leo leo. Mteja kaandika hivi: "I understand that the container was moved to the ICD on Friday. We were not informed. I realize this is not your fault, but I can't make out the figures on the second invoice."

(ICD ni bandari kavu, yadi ya makontena nje ya bandari.) Anasema "I understand", ameelewa nini wakati hapohapo anasema hakuna aliyemjulisha? Halafu "realize", halafu "make out". Mistari miwili, vitenzi vitatu, na nahisi kila kimoja kimewekwa pale kwa makusudi.

Rasimu ya jibu langu inaanza hivi, bado sijaituma: "I have realized your email and I comprehend your complaint." Naomba mniambie kama ipo sawa, na zaidi ya hapo nataka niielewe hii mada moja kwa moja. Jibu linatakiwa litoke kesho asubuhi. Nawasilisha.

BintiTabata

Mkuu usitume kwanza. Hiyo "realized your email" haikai kabisa. "Thank you for your email" inatosha. Mengine tuwasubiri wajuzi, na mimi nimekaa hapa nijifunze.

Ticha_Mbagala

Marahaba mwanangu. Nafundisha Kiingereza sekondari, na swali hili wanafunzi wananiletea kila mwaka, hasa wakishafika kidato cha pili na kuanza kuona kwamba Kiingereza cha darasani si tafsiri ya Kiswahili cha shule ya msingi. Nitakujibu kama ninavyowajibu wao.

Acha kulitafutia kila neno la Kiingereza mwenzake wa Kiswahili. Anza na swali hili: kilichoeleweka ni kitu gani? Ni sauti? Ni wazo gumu? Ni mtu na hali yake? Ni ukweli ambao ulikuwepo ila hukuwa nao kichwani? Ukishalijibu, neno linakuja lenyewe.

"Understand" linabeba karibu kila kitu: lugha, watu, sababu, machungu ya mtu. "I understand Swahili." "She understands children." "I understand why you are angry." Ukiwa na shaka, tumia hili. Wakati uliopita ni "understood". Na kumbuka ni kitenzi cha hali, ndiyo maana "I am understanding you" inakwaruza masikio, ingawa sisi tunasema "ninakuelewa" bila tabu yoyote. Hata kama unaelewa sekunde hiyohiyo, sema "I understand".

Sasa njoo kwa mteja wako. "I understand that the container was moved" haina uhusiano na kuelewa somo. Maana yake ni "nimepata habari kwamba", "kwa taarifa nilizonazo". Ni ustaarabu wa maandishi: anakwambia habari ameipata kwingine, na anakuachia nafasi ya kumsahihisha kama si kweli. "Gather" linafanana nalo. "I gather the vessel is late" anaisema mtu aliyeokota dalili huku na kule akaunganisha mwenyewe.

"Comprehend" ni neno zito, la maandishi na la mitihani. Asili yake ni Kilatini, comprehendere, kushika kitu chote kwa pamoja. Ndiyo maana bima kubwa ya gari inaitwa "comprehensive", imekumbatia gari lako na la uliyemgonga. Na ndiyo maana mtihani wa kidato cha nne una "comprehension": unapewa kifungu, na anayesahihisha anataka kuona umekishika kifungu kizima, siyo neno mojamoja. Kwenye mazungumzo Waingereza hulitoa zaidi wanapokanusha: "I cannot comprehend how he could do that", yaani akili yangu inakataa kulipokea. Malalamiko ya mteja hayahitaji neno hili. Kumwandikia "I comprehend your complaint" ni kama kuvaa joho la mahafali kwenda sokoni.

"Grasp" ni kushika kwa mkono, kwa nguvu, kisha likahamia akilini. Litunze kwa wazo gumu lililoshikika baada ya kuhangaika nalo. "The boys finally grasped fractions." Kama nomino linapendeza sana kwenye barua ya kumpendekeza mtu: "She has a good grasp of customs procedures."

"Realize" ndilo linaloangusha watu wengi, na nataka nilikalie kidogo. Hili halihusu maana ya kitu, linahusu ukweli. Kuna jambo lilikuwa kweli muda wote, kichwani mwako halikuwepo, mara likaingia. Umefika Kivukoni, watu wanasogea kuingia kwenye pantoni, unapapasa mfuko, kadi hamna. "I realized I had left my card at home." Hapo hakuna kigumu ulichoelewa. Umeshtukia. Umegundua. Haya ndiyo maneno ya Kiswahili yaliyo karibu nalo kuliko "elewa".

Kwa sababu linahusu ukweli, kwa maana hii ya kutambua hupenda kufuatwa na ukweli wenyewe: "realize that", "realize how late it is", "realize my mistake". Huwezi kuli-realize bandiko, barua pepe wala mtu. Na mteja wako aliposema "I realize this is not your fault" alimaanisha "natambua fika kwamba kosa si lako". Anakutoa lawamani kwanza, kisha anadai chake. Ukiona "I realize" mwanzoni mwa sentensi ya malalamiko, tazama mbele, "but" inakuja.

Kuhusu herufi, "realise" na "realize" zote ni sahihi Uingereza, Marekani wanatumia z. Chagua moja ubaki nayo.

Mapokezi_Posta

Shikamoo Ticha. Naomba niongeze ya mdomoni, maana niko mapokezi ya hoteli maeneo ya Posta na haya maneno ndiyo chakula changu cha kila siku.

Mgeni akikwambia "Sorry, I didn't catch that", hakusikia. Akili yake iko sawa, sauti ndiyo haikumfikia. Rudia maneno yaleyale, taratibu, basi. Akikwambia "Sorry, I don't follow", huyo kasikia kila neno ila mtiririko umemponyoka. Huyo sasa ndiye wa kuelezwa upya, kwa njia nyingine.

Kuna siku jirani yetu kawasha jenereta, mama mmoja wa Kiingereza akauliza boti ya Zanzibar inaondoka saa ngapi. Mwenzangu akamjibu, "Half past twelve." Yule mama akasogea karibu: "I'm sorry, I didn't catch that." Mwenzangu akaanza kumweleza boti za asubuhi zimeshaondoka, hii ya mchana ndiyo inayofuata, inabidi awahi kwa ajili ya kukaguliwa mizigo. Mama kasubiri kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Lovely. But what time?" Kilichotakiwa kilikuwa maneno matatu tu kwa sauti ya juu.

Na nadhani tunapotea hapo kwa sababu ya "kusikia" yetu. Sisi tunasema "huyu mzungu anasikia Kiswahili", maana yake anakielewa. Kiingereza kimeliacha "hear" kwa masikio. Ukimuuliza mgeni "Do you hear English?" atakushangaa.

"Make out" ni kuona, kusoma au kusikia kwa taabu: mwandiko mbaya, namba iliyofifia, sauti ya simu yenye mikwaruzo. Mara nyingi utalikuta na "can't" au "couldn't" mbele yake. Ila angalia usiliwekee "with" na mtu: kwa Wamarekani "make out with someone" ni mambo ya wapenzi kubusiana.

Mwana_Kurasini

Ngoja kwanza dada. Kwa hiyo huyu mteja aliposema "I can't make out the figures" haulizi mchanganuo wa gharama? Anataka nakala inayosomeka?

Mapokezi_Posta

Ndiyo hivyo kaka. Tarakimu hazioni vizuri. Skani upya umtumie. Angetaka mchanganuo angeandika "I don't understand the figures", au "I can't figure out how you arrived at this amount".

BintiTabata

Hapo kwenye "figure out" nina swali. Tofauti yake na "find out" ni nini? Na "work out" je?

Ticha_Mbagala

Swali zuri binti. "Find out" ni kupata habari kwa kuuliza au kutafuta: unampigia wakala wa meli, anakwambia inatia nanga lini. "Figure out" ni kupata jibu kwa kichwa chako: hakuna anayekupa tarehe, unachukua siku iliyoondoka Durban na mwendo wake, unakokotoa mwenyewe. "Work out" linafanya kazi hiyohiyo, Waingereza wanalipenda zaidi, na "figure out" lina ladha ya Kimarekani. Usichanganye tu na ile "work out" ya mazoezi ya gym.

Dogo_wa_Sinza

"I get you" na "got it" je? Mimi kazini ndiyo naishi nazo hizo.

Ticha_Mbagala

Ni sahihi kabisa, na zimelingana na "nimekupata" ya kwetu karibu sawasawa, mpaka rika lake. Kwa mwenzako, kwa bosi mliyezoeana, kwenye meseji, sawa. Kwa mteja usiyemfahamu uso, subiri mzoeane. "Get" lina sehemu moja ambayo hakuna neno linaloliweza: utani. Mtu asipocheka unasema "he didn't get the joke". Ukiweka "comprehend" hapo umeshaua utani wenyewe.

Mkalimani_Upanga

Nimesoma uzi wote, Ticha kasema vizuri na yule dada wa mapokezi ndiyo kabisa. Kazi yangu ni ukalimani, mara nyingi kwenye vikao vya mikataba, na kuna jambo bado halijaguswa ambalo kwenye barua ya mleta mada lina pesa ndani yake.

"Realize" linakufunga. Chochote unachokiweka baada ya "I realize that" umekiri kwamba ni kweli. "I understand that", kwa ile maana ya kupata habari, halikufungi hivyo. Linganisha:

"I realize that we did not inform you." Hapa umekiri. Hamkumjulisha.

"I understand that you were not informed." Hapa umeonyesha kwamba umepokea anachosema, na ukweli wake bado unaweza kuangaliwa.

Hata mtu akikanusha, ukweli hauondoki. "He didn't realize the container had been moved": kontena limehamishwa, hilo halina mjadala, yeye tu ndiye hakujua. Kwa hiyo kwenye madai yoyote, yawe ya tozo za kuchelewa kutoa mzigo au ya hasara, kabla hujaandika "realize" jiulize kama ofisi yako iko tayari kusimama na hayo maneno mbele ya mwanasheria. Nimeona vikao vikisimama kwa neno dogo kama hili. Mleta mada, kwani ni kweli hamkumjulisha?

La pili, kwa Kiswahili chetu cha kazini "nimekuelewa" mara nyingi linabeba kukubali ndani yake. Mkubwa akisema "umenielewa?" na mdogo akajibu "nimekuelewa mzee", kazi imeshapokelewa na itafanyika. Kiingereza hakifiki huko. "We understand your position" inaishia kwenye kuelewa, na sentensi inayofuata inaweza kuwa kataa la moja kwa moja. Hivyo hivyo "I take your point" na "I see your point". Nimeshuhudia wafanyabiashara wa kwetu wakitoka kikaoni na furaha kwa sababu wazungu "wameelewa", kumbe hakuna kilichokubaliwa. Ukitaka kukubali, andika "we agree" au sema utakachofanya.

Na mkikutana na "apprehend", kwenye magazeti ni polisi kumkamata mtu. Maana yake ya kuelewa ipo ila imebaki kwenye maandishi ya falsafa, na "apprehension" kwa kawaida ni wasiwasi. Barua za mizigo haziihitaji.

Mwana_Kurasini

Mzee shikamoo, na asante sana. Hapo umegusa penyewe. Taarifa ilitumwa siku ileile ya Ijumaa, ila ilikwenda kwa wakala wake wa Lusaka, siyo kwake moja kwa moja. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba hatukujulisha.

Nimeandika upya, naombeni mpitie:

"Thank you for your email. I understand that you were not aware of the transfer to the ICD. A notice was sent to your agent in Lusaka on Friday, and I am sorry that it did not reach you. I realize how important it is for you to receive this information directly, so we will copy you on all future notices. I have attached a clearer copy of the second invoice. I hope you understand."

Ticha_Mbagala

Safi sana. Na "realize how important" umeiweka mahali pake: hilo ni kweli, na ofisi yako haina cha kupoteza kulikiri.

Mkalimani_Upanga

Marahaba kijana. Barua imesimama. "I understand that" yako inabeba anachosema yeye, taarifa ya Ijumaa umeiweka kama tukio na tarehe yake, na umesema mtakachofanya. Kabla ya kutuma muulize mkuu wako kama mnaweza kweli kumweka kwenye kila taarifa, maana hiyo ni ahadi.

Toa sentensi ya mwisho tu. Najua sisi tunaimaanisha kwa unyenyekevu, ni "naomba unielewe" yetu ile. Kwa Kiingereza, mwishoni mwa barua ya malalamiko, "I hope you understand" inasomeka kama kufunga mlango: hayo ndiyo majibu, yapokee. Weka "Please let me know if anything is still unclear." Inaacha mlango wazi, na kama kuna kitu hakijakaa sawa ni maelezo yako ndiyo yatakayoangaliwa, siyo akili yake.

Mapokezi_Posta

Hiyo ya Mzee ni kweli tupu, hata kwa mdomo. "Do you understand?" kwa mtu mzima siitumii kabisa, inamfanya kama mtoto wa darasani. Nauliza "Does that make sense?" na mgeni anajibu kwa amani.

BintiTabata

Na kwenye simu je? Akiniuliza yeye hiyo "Does that make sense?" nijibu nini?

Mapokezi_Posta

"Yes, it does, thank you." Kama hujaelewa, "Not quite. Could you go over the last part again?" Halafu mtajie ni sehemu ipi.